Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu The X-Files: Majibu ya Mshabiki wa Kigoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Kigoma, na wengine wowote wanaosoma Kiswahili, ambao wameisikia tamthilia hii ikitajwa lakini hawajui waishike wapi. Maswali yaliyomo ni yale ninayoulizwa na majirani wa Mwanga, na vijana wa vibanda vya video kule Ujiji na Kibirizi, na wanafunzi wangu baada ya kipindi cha fizikia. Nimejitahidi kutofichua miisho ya hadithi, isipokuwa mahali ambapo jibu la kweli halikuwezekana bila kufanya hivyo, na hapo nimetoa tahadhari kwanza.

The X-Files ni tamthilia gani, na inahusu nini?

Ni tamthilia ya Kimarekani iliyobuniwa na Chris Carter, ikaanza kuonyeshwa na televisheni ya Fox tarehe 10 Septemba 1993. Misimu tisa ya kwanza iliendelea hadi Mei 2002, kisha ikarudi kwa misimu miwili mifupi mwaka 2016 na mwaka 2018, hata jumla ikawa misimu 11 yenye sehemu 218, na kila sehemu huchukua takriban dakika 45. Zilitengenezwa pia filamu mbili za sinema, ya kwanza mwaka 1998 na ya pili mwaka 2008.

Wahusika wakuu ni wapelelezi wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, Fox Mulder, anayeigizwa na David Duchovny, na Dana Scully, anayeigizwa na Gillian Anderson. Kazi yao ni kufufua majalada ambayo wapelelezi wenzao wameyatupa kabatini kwa sababu hayaelezeki: watu wanaodai kuchukuliwa na viumbe wa anga za juu, mauaji ndani ya vyumba vilivyofungwa, magonjwa yasiyo na jina. Mulder anaamini. Alipokuwa na umri wa miaka 12, dada yake Samantha mwenye umri wa miaka minane alitoweka nyumbani kwao, naye akakua akiwa na hakika kwamba hakuchukuliwa na binadamu. Scully ni daktari aliyesoma fizikia kabla ya kusomea tiba, na wakubwa wake wanampeleka kwa Mulder ili aandike ripoti zitakazoonyesha kuwa kazi ya mwenzake haina msingi wa kisayansi. Ripoti anaziandika kweli, lakini haziwi zile ambazo wakubwa walizitarajia.

Ni hadithi ya kisayansi au ni hadithi ya mizimu?

Ni zote mbili, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kuna sehemu ambazo zimesimama juu ya sayansi, kama Ice ya msimu wa kwanza, ambamo watafiti waliotoboa barafu ya kale huko Alaska wanakutana na mnyoo mdogo unaoingia mwilini na kumgeuza mtu kuwa katili, na hofu yote ya sehemu hiyo inatokana na swali ambalo daktari yeyote angeliuliza: ni nani kati yetu ameambukizwa, na tutampimaje? Kuna nyingine ambazo zinahusu roho za wafu, utabiri, laana na mambo ambayo maabara haiwezi kuyagusa. Na nyingi zimekaa katikati, kama Squeeze, sehemu ya tatu kabisa kurushwa, yenye mtu aitwaye Tooms anayeweza kujipenyeza katika tundu la kupitishia hewa na anayezinduka kila baada ya miaka 30 ili ale maini ya watu watano. Scully hutafuta maelezo ya kibaiolojia hata kwa Tooms, na anapoyakosa hasemi kuwa ni uchawi, bali husema kuwa hajayapata bado.

Watazamaji wa zamani huzigawa sehemu hizi katika makundi mawili. La kwanza ni lile la hadithi moja ndefu inayopita katika misimu yote, kuhusu njama ya watu wenye madaraka wanaoficha habari za viumbe wa anga za juu. La pili ni lile la sehemu zinazojitegemea, ambazo kila moja huanza na kuisha siku hiyo hiyo. Ukiniuliza lipi ni bora, nitakujibu bila kusita kuwa ni hili la pili.

Kwa nini watu wazima wanabishana usiku kucha juu ya Mulder na Scully?

Kwa sababu tamthilia yenyewe ni ubishi, na ni ubishi wa watu wanaoheshimiana. Siku ya kwanza Scully anaposhuka katika ofisi ya Mulder, iliyowekwa chini kabisa ya jengo la makao makuu mjini Washington, Mulder anamwonyesha kuwa ameshaisoma tasnifu yake ya fizikia, ile inayohusu mapacha wa Einstein, ambao mmoja husafiri kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru na kurudi akiwa kijana kuliko nduguye. Hakumdharau mgeni wake hata kabla hajamwamini. Tangu hapo, kila mmoja humlazimisha mwenziwe kufikiri vizuri zaidi: Mulder hurukia jibu, Scully hudai kipimo, na mara nyingi ni kipimo cha Scully kinachompa Mulder ushahidi ambao asingeupata kwa hisia peke yake.

Naomba nieleze tukio moja kwa urefu, maana ndilo linaloniambia kila nilichohitaji kujua kuhusu wawili hawa. Liko katika sehemu ya kwanza kabisa. Wako hotelini katika mji mdogo wa jimbo la Oregon, wakichunguza vifo vya vijana ambao miili yao ilikutwa na alama mbili za ajabu kiunoni. Mvua kubwa inanyesha na umeme umekatika. Scully, akiwa anajiandaa kuoga kwa mwanga wa mshumaa, anapapasa mgongo wake na kugusa vijivimbe, akatoka mbio hadi chumba cha Mulder na kumwomba atazame. Mulder anasogeza mshumaa, anaangalia, na kumwambia kuwa ni alama za mbu. Scully anamkumbatia kwa kupata nafuu. Kisha wanakaa gizani, na hapo ndipo Mulder anaposimulia kwa mara ya kwanza habari za dada yake. Yule anayeamini kila kitu ndiye aliyetoa jibu la kawaida, na yule asiyeamini ndiye aliyeogopa. Mtu wa Kigoma, anayewajua mbu na anayejua kukaa gizani, haelezwi zaidi ya hapo.

Kuna mfano wa nyumbani ambao huwa nawapa wanafunzi wangu kuhusu jambo hili. Mwaka 1960, kaskazini mwa mji wetu, katika msitu wa Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka jani la nyasi katika kichuguu na kulichomoa likiwa limejaa mchwa. Wakati huo wataalamu walishikilia kuwa kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Madai yake yalikuwa mageni, na yalikubalika kwa sababu alikaa, akatazama, akaandika, akarudi tena. Mulder ana ujasiri wa kusema alichokiona. Scully ana daftari. Gombe ilihitaji vyote viwili, na katika tamthilia hii vyote viwili vimepewa sura za watu na majina.

Je, kuitazama si kushabikia ushirikina? Mimi ni mtu wa dini.

Swali hili naulizwa na wazazi wa Kikristo na wa Kiislamu kwa uzito uleule, na linastahili jibu lenye uzito. Tamthilia haimfundishi mtu kuagua, haimwelekezi kwa mganga, na mara nyingi wanaotumia nguvu za giza ndani yake huishia vibaya. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba Scully, yule mwanasayansi asiyekubali lolote bila ushahidi, ni Mkatoliki anayevaa msalaba mdogo wa dhahabu shingoni, wakati Mulder, anayekubali karibu kila kisa cha ajabu, ndiye mwenye mashaka linapokuja suala la Mungu. Waandishi waligeuza mambo makusudi, wakaonyesha kuwa imani na akili haziishi katika nyumba mbili tofauti.

Kwa msomaji mwenye swali hili ninapendekeza sehemu ya 13 ya msimu wa kwanza, Beyond the Sea, iliyoandikwa na Glen Morgan na James Wong. Nitaeleza kiini chake, kwa hiyo asiyetaka kujua na aruke aya hii. Baba yake Scully, ofisa wa jeshi la majini, anafariki ghafla. Usiku huo Scully anamwona amekaa kitini, midomo inatembea bila sauti, na mara simu inalia kumletea habari ya msiba. Siku chache baadaye mfungwa aliyehukumiwa kifo, Luther Lee Boggs, anayeigizwa na Brad Dourif kwa namna inayosisimua mwili, anadai kuwa anasikia sauti za wafu na kwamba anaweza kusaidia kuwapata vijana waliotekwa, mradi adhabu yake ipunguzwe. Mulder, safari hii, haamini hata neno moja. Scully ndiye anayetaka kuamini, kwa sababu Boggs anamwambia kuwa ana ujumbe kutoka kwa baba yake. Mwisho wa yote Scully haendi kuupokea ujumbe ule. Anakwenda hospitalini kukaa na Mulder aliyejeruhiwa, na anapoulizwa kwa nini hataki kuamini baada ya yote aliyoyaona, anakiri kuwa anaogopa. Mtu aliyewahi kufiwa na mzazi, akakaa matangani huku watu wakimsimulia ndoto walizomwota marehemu, atajua kuwa hapa hakuna ushirikina unaoshabikiwa. Kuna huzuni ya mtoto, na kuna heshima ya kukataa kununua faraja kwa mtu asiyeaminika.

Je, visa hivi vilitokea kweli?

Hapana, ni vya kubuni. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa kwa maandishi yaliyodai kuwa kisa kimetokana na taarifa zilizoandikwa, na yapo mambo ya kihistoria ya Marekani yaliyotumiwa kama udongo wa kufinyangia, kwa mfano Watergate, kashfa ya kisiasa ya miaka ya 1970 iliyomng'oa Rais Nixon, ambayo ndiyo iliyompa mtoa habari wa kwanza wa Mulder jina la siri, Deep Throat. Lakini wapelelezi hawa, kesi zao na ofisi yao ni kazi ya waandishi. Nasisitiza jambo hili kwa vijana, kwa sababu wapo wanaochukua kipande cha dakika mbili na kukisambaza kwenye simu kana kwamba ni taarifa ya habari, na kufanya hivyo ni kuikosea heshima tamthilia ambayo kila juma ilimdai mtazamaji aulize ushahidi uko wapi.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuanze na ipi?

Tafuteni Quagmire, ya msimu wa tatu, iliyorushwa mwaka 1996. Inatokea kando ya ziwa moja la kubuni katika jimbo la Georgia, ambako watu wanapotea na wenyeji wanasema kuwa kuna mnyama mkubwa majini ambaye wamembandika jina na kumtengenezea vinyago vya kuuzia watalii. Usiku mmoja mashua ya Mulder na Scully inagongwa na kuzama, nao wanajikuta wamekwama juu ya jiwe katikati ya giza, hawajui ufuko uko upande gani. Hapo hadithi inasimama kwa dakika kadhaa nzima, na wawili hawa wanazungumza tu: juu ya njaa, juu ya woga, na juu ya kwa nini Mulder hawezi kuacha kuwinda. Scully anamweleza, bila ukali lakini bila kumwonea haya, kwamba anaufukuza ukweli kwa namna itakayomwangamiza yeye na kila aliye karibu naye. Ni mazungumzo bora kuliko yote niliyoyaona katika tamthilia hii, na yanafanyika bila mnyama yeyote kuonekana.

Tumeitazama sehemu hii na wavuvi wa Kibirizi siku za mbalamwezi, ambazo mitumbwi ya dagaa hukaa nchi kavu kwa kuwa taa hazina kazi mwezi unapong'aa, na sijawahi kuona watu wakitazama televisheni kwa umakini kiasi kile. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na wanaume wale hulala juu yake usiku kucha wakisubiri dagaa wapande kwenye mwanga. Mzee mmoja alieleza, bila kuulizwa, kwamba Scully alikosea kuhama upande ule wa jiwe, kwani mawimbi yangemwonyesha ufuko uliko. Ubishi wa kitaalamu ulifuata. Hivyo ndivyo tamthilia hii inavyopaswa kutazamwa.

Mbona ikitafsiriwa na msimuliaji wa kibandani haipendezi?

Nawaheshimu wasimuliaji wetu. Wamewafungulia sinema watu wengi ambao Kiingereza kiliwafungia mlango, na katika filamu za mapigano wanaongeza ladha ambayo mtengenezaji mwenyewe hakuiweka. Hata hivyo, kazi yao inahitaji sauti ya asili ipunguzwe na msimuliaji aseme mfululizo, na katika The X-Files ukipunguza sauti ya asili umeondoa nusu ya hadithi. Scully anapofanya uchunguzi wa maiti huku akiongea kwenye kinasa sauti, yale majina ya viungo, mapigo ya kimya katikati, na jinsi sauti yake inavyobadilika anapokuta kitu asichokitegemea, ndiyo tukio lenyewe. Msimuliaji akisema kuwa daktari anapasua maiti, amesema kweli, lakini hakuna kilichobaki.

Njia iliyotufaa sisi ni kuweka maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, kumpa rimoti mtu mmoja anayekielewa, naye akasimamisha picha pale penye hoja nzito na kueleza kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Sehemu ya dakika 45 huchukua muda mrefu zaidi kwa utaratibu huo, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kila kusimama huzaa mjadala.

Hadithi ile ndefu ya njama ni lazima niielewe yote?

Si lazima, na nitakuwa mkweli kuwa hata mashabiki wakubwa hawakubaliani juu yake. Misimu mitano ya kwanza inaijenga kwa ustadi mkubwa. Tazama tu jinsi inavyoanza: katika sehemu ya kwanza kuna mtu amesimama pembeni mwa ofisi ya wakubwa, anavuta sigara, hasemi kitu, na mwisho wa sehemu ndiye anayeonekana akihifadhi ushahidi wa Scully katika ghala kubwa la Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kwenye rafu zisizo na mwisho, kisha anafunga mlango. Mtu huyo, Mvuta Sigara, anayeigizwa na William B. Davis, akawa adui mkuu wa tamthilia nzima.

Tatizo ni kwamba tamthilia ilipendwa mno, ikaongezewa misimu, na siri iliyokusudiwa kufumbuliwa ikalazimika kuahirishwa mara kwa mara, huku siri mpya zikirundikwa juu ya zile za zamani. Kufikia msimu wa tisa, njama ilikuwa na matawi mengi kuliko shina. Ushauri wangu ni kuifuata kwa makini hadi filamu ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Rob Bowman, na baada ya hapo kuichukua kama ilivyo, bila kudai kuwa kila uzi ufungwe.

Inaionyeshaje Afrika?

Vibaya kuliko inavyostahili, na kuipenda tamthilia hakunizuii kulisema hili. Sehemu inayoniuma zaidi ni Teliko, ya msimu wa nne, inayomhusu mhamiaji kutoka Burkina Faso anayewaua wanaume weusi ili achukue kutoka miilini mwao homoni ambayo yeye hana, na maiti hukutwa ngozi zao zimepoteza rangi. Ipo mantiki ya kitabibu ndani yake, na Scully anaifikia kwa kazi nzuri, lakini hadithi inamgeuza mgeni Mwafrika kuwa tishio lenyewe, na mwili usio na rangi kuwa kitu cha kuogofya. Sisi tunaishi katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina, na mikoa yetu ya magharibi haikusalimika. Hatuwezi kuitazama sehemu hiyo kama burudani tupu. Sikatazi itazamwe, ila naomba isionyeshwe kibandani mbele ya watoto bila mtu mzima wa kuzungumza nao baadaye.

Mwishoni mwa msimu wa sita na mwanzoni mwa wa saba Scully anafika pwani ya Côte d'Ivoire, ambako kitu cha kale kimefukiwa katika mchanga wa bahari. Wazo ni zuri, kwamba siri kubwa kuliko zote ya tamthilia imelala katika bara letu na si jangwani Marekani, na miongoni mwa wanasayansi wanaohusika wamo Waafrika. Natamani wangepewa nafasi kubwa zaidi.

Nimesikia kuwa Scully aliwafanya wasichana wapende sayansi. Ni kweli?

Mwaka 2018 taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na mwigizaji Geena Davis ilitoa ripoti iliyohoji zaidi ya wanawake 2,000 wa Marekani. Miongoni mwa wanawake wanaofanya kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ambao walimfahamu Scully, 63% walisema kuwa aliwahi kuwa kielelezo chao. Ni haki kutaja kuwa utafiti huo ulifanywa kwa ushirikiano na kampuni mama ya televisheni iliyoirusha tamthilia, na kwamba kusema mtu alikuwa kielelezo si sawa na kuthibitisha kuwa ndiye aliyesababisha uchaguzi wa kazi. Scully mwenyewe angedai tahadhari hiyo iandikwe.

Hata hivyo naamini kuna jambo la kweli hapo, kwa sababu naliona darasani. Scully hapewi akili kama pambo. Anakosolewa, anakosea, anarudia kipimo, na wanaume wanaomzidi cheo wanalazimika kumsikiliza kwa kuwa ana karatasi mkononi. Nje ya hadithi, Gillian Anderson mwenyewe amesimulia hadharani kuwa miaka ya mwanzo alilipwa pungufu sana kuliko Duchovny na akatakiwa asimame hatua nyuma yake mbele ya kamera, mpaka alipodai haki yake na kuipata baada ya miaka kadhaa. Mwaka 1997 alishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia. Wasichana ninaowafundisha hulipenda simulizi hilo la mshahara kuliko hata lile la tuzo, na hulijadili kwa hasira yenye afya.

Kwa nini misimu ya mwanzo ina giza na mvua nyingi?

Misimu mitano ya kwanza ilipigwa picha Vancouver, nchini Kanada, mji wenye misitu minene, ukungu na mvua za mara kwa mara. Kuanzia msimu wa sita kazi ilihamia Los Angeles, na jua likaingia ndani ya picha. Tofauti inaonekana kwa macho: kule mwanzo, wapelelezi hutembea msituni wakiwa na tochi mbili, miale inapishana katika ukungu, na mtazamaji haoni zaidi ya wanachokiona wao.

Ule muziki wa mwanzo ni wa nani?

Ni wa Mark Snow, aliyefariki mwaka 2025. Ile sauti ya mluzi unaorudiwa na mwangwi ilipata umaarufu kiasi cha kufika nafasi ya pili katika chati za muziki za Uingereza mwaka 1996. Watoto wa mtaani kwetu huipiga kwa midomo wakitaka kutishana njiani usiku.

Je, Mulder na Scully wanakuja kupendana?

Tazama. Nitasema tu kwamba waandishi walikuwa na subira ambayo tamthilia za siku hizi hazina.

Mulder anakwenda wapi baada ya msimu wa saba?

Duchovny alipunguza ushiriki wake, akaonekana katika baadhi tu ya sehemu za msimu wa nane. Nafasi ya mpelelezi wa pili ilichukuliwa na John Doggett, anayeigizwa na Robert Patrick, na baadaye akaongezeka Monica Reyes, anayeigizwa na Annabeth Gish. Wengi walisusa. Mimi nampenda Doggett: ni polisi wa kawaida, asiyeamini chochote, na uwepo wake unamlazimisha Scully kusimama mahali aliposimama Mulder, akitetea mambo ambayo zamani aliyapinga. Mpeni nafasi.

Inafaa kwa watoto?

Kwa ujumla hapana, kwa walio chini ya miaka 13 au 14. Zipo sehemu ambazo hata mtu mzima anapaswa kujiandaa, na kubwa kuliko zote ni Home, ya msimu wa nne, ambayo iliporushwa mwaka 1996 ilitanguliwa na onyo kwa watazamaji. Inahusu familia moja iliyojitenga na watu na mambo yanayofanyika ndani ya nyumba hiyo. Imetengenezwa kwa ustadi, na mzazi asiiweke sebuleni kwa bahati mbaya.

Je, kuna toleo jipya linalokuja?

Ryan Coogler, mwongozaji wa Marekani, amesema hadharani kuwa anaandaa toleo jipya. Ninalisubiri kwa hamu.

Basi nitazame zipi kwanza, na kwa mpangilio gani?

Anza na sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, kwa ajili ya ofisi ile, mbu wale na ghala lile. Kisha Squeeze, Ice na Beyond the Sea, na umalizie msimu kwa The Erlenmeyer Flask, ambayo itakuonyesha kuwa tamthilia haiogopi kuwanyang'anya wahusika wake walichonacho. Katika msimu wa pili usikose The Host, yenye kiumbe wa mitaro ya majitaka, na baada yake Duane Barry pamoja na inayoifuata. Ujauzito wa Anderson ulikuwa umewalazimu waandishi wamwondoe Scully kwa muda, na kutokana na shida hiyo wakapata mkasa uliobeba misimu yote iliyofuata.

Msimu wa tatu ndio kilele kwa maoni yangu. Tazama Clyde Bruckman's Final Repose, iliyoandikwa na Darin Morgan, kuhusu wakala wa bima anayeweza kuona jinsi kila mtu atakavyokufa na ambaye kipaji hicho kimemchosha tu. Darin Morgan alipata Emmy ya uandishi, na Peter Boyle, aliyeigiza wakala huyo, akapata ya mwigizaji mgeni. Tazama Pusher, ya Vince Gilligan, ambaye baadaye alibuni tamthilia ya Breaking Bad, kisha Quagmire. Kutoka hapo ruka hadi msimu wa tano kwa ajili ya Bad Blood, ambamo kesi moja ya mnyonya damu inasimuliwa mara mbili, kwanza na Scully na kisha na Mulder, na mkuu wa polisi wa kijiji ni mtanashati katika simulizi la Scully lakini ana meno yaliyochomoza katika simulizi la Mulder. Isubirishe mpaka uwe umewazoea, kwa sababu utaicheka zaidi. Home iache kabisa mpaka umalize hizo nyingine zote, na uitazame ukiwa na mtu.